Shahidi wa Vita Aliyetoka Poland

Wako wazee wetu wa hapa Likasi wanaoukumbuka mwezi wa Septemba wa mwaka 1961, wakati mji wetu ulipoitwa bado Jadotville. Asubuhi ya tarehe 13 askari wa Ireland 150 na zaidi, waliotumwa huku na Umoja wa Mataifa, walishambuliwa na jeshi la Katanga hali wengi wao walikuwa katika Misa. Walijitetea siku kwa siku, hata maji na risasi zikawapungukia, wakajisalimisha tarehe 17. Wakati huo habari zilikwisha kuenea mpaka Ulaya ya kuwa wengi wao wameuawa. Fikirini mama zao waliposikia neno hilo! Kumbe, hakufa hata mmoja. Walijeruhiwa wachache tu, na mwezi wa Oktoba wote wakafunguliwa.

Kisa hicho cha mjini kwetu chatuonyesha jambo moja kubwa: mtu apelekaye habari za vita ameshika mioyo ya watu mkononi mwake. Akisema kweli, huwafaa walio mbali. Akikosea, huwatia majonzi bure, au huwafariji kwa uongo. Ndiyo sababu leo twapenda kueleza maisha ya mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo Afrika kwa miaka mingi, naye alisifiwa sana na kulaumiwa pia. Jina lake ni Ryszard Kapuściński.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1932 katika mji wa Pińsk, uliokuwa wa Poland siku zile, na sasa umo katika nchi ya Belarus. Baba na mama yake wote wawili walikuwa walimu. Alipokuwa na umri wa miaka 7, vita kuu ya pili ikaangukia nchi yao: Wajerumani waliingia kwa upande wa magharibi, na Warusi kwa upande wa mashariki. Mtoto huyo alionja njaa na hofu. Alijua maana ya kukosa viatu wakati wa baridi kali. Alipokuwa mtu mzima alisema kwamba kati ya maskini hakujiona mgeni, maana umaskini aliujua tangu utoto wake.

Alisoma historia katika chuo kikuu cha Warsaw, akawa mwandishi wa gazeti la vijana. Mwaka 1955 aliandika habari za wafanyakazi wa Nowa Huta, mji mpya wa viwanda vya chuma uliokuwa fahari ya serikali ya kikomunisti. Alieleza jinsi walivyoishi vibaya. Wakubwa wakakasirika, lakini jambo lilipochunguzwa, ikaonekana ya kuwa alisema kweli, naye akapewa nishani. Hapo, twadhani, alijifunza kwamba ukweli hupatikana kwa kwenda mahali penyewe na kukaa na watu wenyewe. Wahenga walisema: Asiyekuwapo na lake halipo.

Mwanzoni mwa mwaka 1961 alishika njia kuja Kongo. Wakati huo watu wa nchi za kikomunisti walifungiwa mlango wa Léopoldville, kwa hiyo yeye na wenzake kutoka Chekoslovakia walizunguka kwa njia ya Sudan, wakasafiri kwa gari hata Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Walikuta mji umejaa wasiwasi. Yeye mwenyewe asimulia ya kuwa walipoondoka kwa njia ya Usumbura, askari waliwafunga, nao wakaogopa kwamba watapigwa risasi.

Mwaka 1962 shirika la habari la Poland lilimweka Dar es Salaam, ili kutoka huko aangalie mambo ya bara letu lote. Shirika hilo halikuwa na fedha nyingi, na mtu wao mmoja alipaswa kufanya kazi ambayo mashirika makubwa yaliwagawia watu wengi. Mwaka huohuo alikwenda Uganda kwa sherehe za uhuru wa mwezi wa Oktoba, akashikwa na malaria kali ya kichwani. Kisha kifua kikuu kikamwingia. Aliogopa kuwaambia wakubwa wake, wasije wakamrudisha kwao. Akaenda kutibiwa katika zahanati ya bure ya wenyeji wa Dar es Salaam, akakaa benchini pamoja nao akingoja zamu yake. Asema ya kuwa ugonjwa ule ulimfungulia milango ambayo afya haikuweza kuifungua, kwa kuwa watu walimwona ni mgonjwa mwenzao.

Januari 1964, mapinduzi yalipotokea Zanzibar, alikuwa mmoja wa waandishi waliofaulu kuingia kisiwani. Baadaye, huko Lagos, alikataa kukaa katika mtaa wa Wazungu, akapanga chumba katika uchochoro wa watu wa kawaida, hata wezi wakamwibia mara kwa mara. Na mwaka 1975 alibaki Luanda wakati Wareno walipofunga masanduku yao na kukimbia, akapeleka habari za vita ya Angola, nchi jirani yetu, mpaka siku ya uhuru, tarehe 11 Novemba.

Safari hizo zilizaa vitabu. Cha mwaka 1978 chaeleza kuanguka kwa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Cha mwaka 1998, kiitwacho Heban, chakusanya aliyoyaona Afrika. Vilifasiriwa kwa lugha nyingi, na jina lake likavuma duniani kote.

Walakini, kushuhudia ni amana, na hapa lazima tuseme na upande wa pili. Mwaka 2001 mtaalamu mmoja Mwingereza, John Ryle, alionyesha makosa mengi katika vitabu hivyo. Mwaka 2010 Artur Domosławski, aliyekuwa rafiki na mfuasi wake, alitoa kitabu kikubwa juu ya maisha yake, akaeleza ya kuwa mara nyingine Kapuściński alichanganya aliyoyaona na aliyoyabuni. Watumishi wa mfalme wanaosema katika kitabu cha Ethiopia hawatajwi majina, na maneno yao yanafanana mno na ya mwandishi mwenyewe. Tena jalada la kitabu chake kimoja lilisema kwamba alifanya urafiki na Patrice Lumumba huku Kongo. Sisi wa Katanga twajua tarehe zetu: Lumumba alikamatwa mwanzoni mwa Desemba 1960, na tarehe 17 Januari 1961 aliuawa katika nchi hii yetu. Mtu aliyeshika njia kuja Kongo mwaka 1961 angefanyaje urafiki naye?

Wako wamteteao wakisema: alikuwa mtunga fasihi, si karani wa mahakama. Sisi hatukatai. Mtunzi ana ruhusa ya kubuni, lakini na amwambie msomaji, “Hapa nimebuni.” Amri ya nane ya Mungu yatukataza kushuhudia uongo juu ya jirani, wala haituruhusu kusema uongo kwa sababu ni mtamu kusikilizwa. Tena tuangalie ni nani apatwaye na hasara. Kitabu kiliandikwa kwa Kipolandi, kikasomwa Warsaw na London. Mwethiopia aliyesimuliwa ndani yake hakuulizwa, na aliposema, “Hatukuwa hivyo,” ni wachache waliomsikiliza.

Je, tumtupe basi? Hapana. Mtu aliyelala uchochoroni na kungoja zamu benchini pamoja na wagonjwa maskini, wakati wenzake walikaa hotelini, ametuachia mfano wa kweli. Tuupokee mfano huo kwa shukrani, nayo makosa yake yatuonye. Kumsingizia marehemu ni dhambi. Kumfanya mtakatifu kwa kuficha ukweli si adili pia.

Kwenu ninyi wanafunzi twasema hivi: habari za nchi hii zimeandikwa sana na wageni. Waulizeni wazee wenu mambo ya mwaka 1961 wangali hai. Andikeni siku, mahali na jina la aliyesema. Na lile msilolijua msilijaze kwa ubunifu. Nanyi wazazi, habari ya kutisha inapowafikia simuni, ulizeni kwanza: nani aliona? Mkikosa jibu, isiendelee mbele kwa mkono wenu. Kumbukeni wale mama wa Ireland.

Kapuściński alifariki Warsaw tarehe 23 Januari 2007. Ilikuwa mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambaye Papa Pius XI alimweka mwaka 1923 kuwa msimamizi wa waandishi. Tumwombee marehemu raha ya milele. Na tuwaombee wote washikao kalamu, ili waone vema, na waliloona ndilo waliseme.