Kromatografia ya Mfululizo na Ufanisi Wake

Kromatografia ni ufundi wa kutenganisha vitu vilivyochanganyika kwa kuvipitisha, pamoja na kiowevu, ndani ya mnara uliojazwa chembe za kunasa. Kinachonaswa kidogo hutangulia, kinachonaswa sana huchelewa. Mchanganyiko ukitiwa kwa mafungu, yatubidi kungoja hata vitu viachane kabisa. Wakati huo chembe nyingi hazina kazi.

Ingefaa chembe zisogezwe kinyume cha mkondo, ila zikisogezwa husagika. Kwa hiyo Broughton na Gerhold, katika hati yao ya uvumbuzi iliyotolewa Marekani mwaka wa 1961, waliziacha chembe mahali pake, wakahamisha milango. Minara huunganishwa kwa duara, na valvu hubadilisha kwa zamu mahali pa kuingizia na pa kutolea. Vilivyo safi huchotwa pembeni. Mchanganyiko wa katikati huendelea kuzunguka. Ndivyo fruktosi inavyotenganishwa na glukosi viwandani.

Ufanisi wategemea kasi ya mikondo na muda wa zamu. Zamu ikirefushwa mno, kinachonaswa sana huchukuliwa na kiowevu hadi mlango wa mwenziwe. Ikifupishwa mno, kinachonaswa kidogo hubaki nyuma na kuuchafua mlango wa pili. Baadhi ya mitambo huhamisha kila mlango kwa wakati wake, hivyo minara michache hutosha.

Lakini usafi una gharama: kiowevu kinapozidi, ndivyo moto wa kukivukiza unavyozidi. Ufanisi wa kweli ni kuufikia usafi unaotakiwa bila kuupita.