Kupanda Oregano Karibu na Nyumba

Sisi watu wa Buhaya tumezoea kudhani kwamba kila mmea mwema hustawi kibanjani. Ni kweli kwa migomba, mibuni na maharage, kwa sababu tunatandaza nyasi, tunatia samadi, na kivuli huhifadhi unyevu. Lakini uko mmea mmoja wa jikoni usiopatana na mambo hayo. Jina lake ni oregano.

Asili yake ni nchi zilizo kandokando ya Bahari ya Mediteranea, penye vilima vya mawe na kiangazi kirefu. Ni wa jamaa moja na mrehani na kivumbasi. Shikeni shina lake, mtaona lina pembe nne kama la mrehani. Mgeni wa namna hii akipandwa chini ya migomba, hapa Bukoba ambapo mvua hufika kadiri ya inchi 80 kwa mwaka, mizizi yake huoza. Nami nilifanya kosa hilo. Miche niliyopewa niliipanda palipo na rutuba kuliko pote, na masika yalipokwisha haukubaki hata mmoja.

Njia ifaayo ni hii. Chagueni mahali penye jua, nje ya kibanja, upande unaoelekea rweya. Inueni tuta la futi moja, mchanganye udongo na mchanga au changarawe. Msitie samadi nyingi, maana majani yatakuwa mengi lakini harufu itapungua. Mbegu ni ndogo mno. Zinyunyizwe juu ya udongo, zisifukiwe. Mwenye jirani aliye na mmea aombe vipandikizi vya inchi nne, aondoe majani ya chini, avipande kwa nafasi ya futi moja masika yanapokaribia kwisha. Vikiisha kushika, vitiwe maji udongo unapokauka tu.

Majani huchumwa kabla ya maua kuchanua, wala isikatwe zaidi ya theluthi ya mmea kwa mara moja. Yakaushwe kivulini, yawekwe katika chupa yenye kifuniko. Hata yakiwa makavu harufu yake ni kali, hivyo kidogo tu chatosha chungu cha maharage au mchuzi wa samaki.

Yafaa walimu wapande mche mmoja kivulini na mwingine juani. Hapo watoto watajifunza kwamba kabla ya kupanda mmea mgeni, ni lazima kwanza kuuliza kwao ni wapi.