Mwani: una faida gani, na nani awe mwangalifu?

Mwani huota baharini. Zanzibar umelimwa kwa biashara tangu 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Hufunga vipande vyake kwenye kamba katika maji ya kina kifupi, kisha huvuna na kuanika. Unga wake hutiwa kwenye vyakula na sabuni. Siku hizi watu huusifu kama dawa ya kila kitu. Ukweli ni upi?

Ndani ya mwani kuna nini?

• Nyuzinyuzi, zinazosaidia kupata choo vizuri.
• Madini kama kalsiamu, magnesiamu na chuma.
• Madini joto, yaani ayodini, yanayotoka kwenye maji ya bahari.

Mwani unaolimwa Zanzibar una protini kidogo. Hauwezi kuchukua nafasi ya maharage au dagaa.

Kwa nini madini joto ni muhimu?

Tezi ya shingo huyahitaji ili kufanya kazi. Yakikosekana, shingo huweza kuvimba. Huo ndio ugonjwa wa rovu. Mama mjamzito akiyakosa, mimba inaweza kuharibika, au ubongo wa mtoto usikue vizuri.

Sehemu nyingi za milimani mvua imeyaosha kutoka kwenye udongo, hivyo mazao yana madini joto kidogo. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilijulikana kwa watu wengi wenye rovu. Mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha huzidisha tatizo.

Je, ninunue mwani ili nipate madini joto?

Si lazima. Chumvi yenye madini joto inatosha kwa watu wengi, na bei yake ni nafuu. Fanya hivi:

• Soma pakiti uhakikishe imeandikwa kuwa ina madini joto.
• Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moto na unyevu.
• Itie chakula kinapokaribia kuiva.
• Usizidishe chumvi, maana huongeza shinikizo la damu.

Nani awe mwangalifu na mwani?

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Kiasi kilichomo hutofautiana sana, na baadhi ya mwani wa kahawia una mengi kupita kiasi. Yakizidi, nayo huweza kudhuru tezi. Ukiwa mjamzito, unanyonyesha, au una ugonjwa wa tezi, muulize mhudumu wa afya kabla ya kutumia unga au vidonge vya mwani.

Mwani ni chakula. Hautibu kisukari, saratani wala VVU. Usiache dawa ulizopewa hospitali kwa sababu muuzaji amekuahidi kupona.

Ukiona uvimbe shingoni, wako au wa mtoto, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Usisubiri ukue.