Gome Moja, Njia Mbili: Kwa Nini Malaria Haikabidhiwi Homeopathi

Mwaka 1790, daktari Mjerumani aitwaye Samuel Hahnemann alifanya jaribio kwenye mwili wake mwenyewe. Akiwa mzima wa afya, alitumia unga wa gome la mkwinini mara mbili kwa siku. Gome hilo lilikuwa likitibu homa za vipindi, yaani malaria, huko Ulaya tangu karne ya 17, naye alitaka kujua linatibuje. Alieleza kuwa vidole vilimpoa, moyo ukamwenda mbio na mwili ukamtetemeka kama mtu mwenye homa. Kutokana na hayo akatoa kanuni aliyoishi nayo hadi kufa: kitu kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Hapo ndipo homeopathi ilipoota mizizi.

Tiba hii, basi, ilianzia kwenye malaria, na kwenye malaria ndiko inakopasa kupimwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000. Kati ya kila 100 waliokufa, 95 walikuwa katika Kanda yake ya Afrika, na wengi wao walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Anayesimama mbele ya watu wetu na kutangaza kwamba vidonge vya homeopathi vinakinga au kutibu ugonjwa huu anabeba dhamana ya maisha ya watoto hao.

Tuanze na kosa la msingi. Kilichomtetemesha Hahnemann hakikuwa malaria. Malaria huletwa na vimelea vya Plasmodium vinavyoenezwa na mbu jike wa Anopheles, na hakuna aliyekuwa ameviona vimelea hivyo mpaka mwaka 1880, Alphonse Laveran alipovigundua katika damu ya wagonjwa huko Algeria. Gome la mkwinini hutibu kwa sababu lina kemikali inayoviua vimelea ndani ya chembe nyekundu za damu. Kufanana kwa dalili hakuna kazi yoyote katika uponyaji huo.

Baada ya jaribio la Hahnemann, gome lile moja lilifungua njia mbili. Njia ya kwanza ilitafuta kilichomo ndani. Mwaka 1820, wanakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini kutoka kwenye gome, na tangu hapo dawa ikaweza kupimwa na kutolewa kwa dozi inayojulikana. Njia hiyo ilifika hadi kwetu: wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kilitengeneza kwinini kwa ajili ya jeshi la Wajerumani kutokana na mikwinini iliyopandwa huko.

Njia ya pili ilikitupa kilichomo ndani. Hahnemann alifundisha kwamba dawa huongezeka nguvu kadiri inavyozimuliwa na kutikiswa. Tone moja la dawa huchanganywa na matone 99 ya maji au spiriti, likatikiswa. Tone moja la mchanganyiko huo huchanganywa tena na matone 99, na kadhalika. Kiwango kinachouzwa sana, 30C, ni kazi hiyo iliyorudiwa mara 30. Ukidondosha tone moja katika Bahari ya Hindi na kuikoroga yote, kutoka Mombasa hadi Australia, utakuwa umefika kati ya hatua ya 12 na ya 13. Zitakuwa zimebaki hatua 17, na kila moja huipunguza dawa mara 100 zaidi. Kemia inatuambia kuwa kufikia hatua ya 12 au ya 13, hata molekuli moja ya dawa ya mwanzo haitarajiwi kubaki. Kinachomezwa ni sukari iliyodondoshewa maji.

Watetezi husema maji huikumbuka dawa iliyopita ndani yake. Mwaka 1988, mtafiti Mfaransa Jacques Benveniste alichapisha matokeo yaliyoonekana kuunga mkono wazo hilo, lakini jaribio lilipofanywa chini ya usimamizi, huku wapimaji wakiwa hawajui chupa ipi ina nini, matokeo yalitoweka. Mwaka 2015, baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti 176 kuhusu maradhi na hali 61 za afya. Halikupata hata ugonjwa mmoja ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathi inautibu.

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba waliponywa? Wengi wao hawasemi uongo. Homa nyingi si malaria. Nyingi ya hizo husababishwa na virusi na huisha zenyewe baada ya siku chache, na kidonge chochote kilichomezwa katika siku hizo hupewa sifa. Mtu mzima aliyekulia kwenye eneo lenye malaria nyingi ana kinga kiasi, na mwili wake unaweza kuvidhibiti vimelea kwa muda. Isitoshe, homa ya malaria yenyewe ina hila. Hupanda vimelea vinapopasua chembe za damu kwa pamoja, kisha hushuka vikiwa vimejificha katika chembe mpya. Mgonjwa aliyemeza kidonge saa moja kabla ya homa kushuka ataamini kwamba kimemponya, na mama atamfunika mtoto akishukuru, ilhali vimelea vinaongezeka.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kidonge cha sukari kwa kawaida hakimdhuru anayekimeza. Kinachopotea ni muda, na malaria haina muda wa kutoa. Malaria ya Plasmodium falciparum, ambayo ndiyo imetapakaa Afrika, inaweza kugeuka kuwa kali na kuua ndani ya saa 24 tangu dalili zianze isipotibiwa. Kwa mtoto mdogo, saa hizo zinaweza kumtoa kwenye homa na kumfikisha kwenye degedege, upungufu mkubwa wa damu na kupoteza fahamu. Kuambiwa ajaribu kidonge na arudi kesho kutwa ni kunyang'anywa nafasi ya kupona.

Hatari hii haiko kwenye nadharia tu. Mwaka 2000, madaktari wa Nice, Ufaransa, waliripoti katika jarida la BMJ habari za mwanamke aliyekwenda Togo akitegemea kinga ya homeopathi. Alirudi na malaria kali iliyomfikisha katika chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vyake kadhaa vikiwa vimeshindwa kufanya kazi. Miaka 6 baadaye, uchunguzi ulifanywa jijini London: msichana aliyejifanya msafiri wa Afrika alipelekwa kuomba ushauri katika vituo 10 vya homeopathi. Vyote 10 vilimshauri atumie vidonge vya homeopathi badala ya dawa ya kinga ya malaria.

Kliniki za homeopathi zimefika pia Afrika Mashariki, zikiwemo za Nairobi na Kilimanjaro, na baadhi zimewahudumia watu wanaoishi na VVU. Huko nako muda una udanganyifu wake. Mtu aliyeambukizwa VVU anaweza kukaa miaka akijiona mzima hata bila dawa, huku kinga yake ikimomonyoka. Akiacha ARV kwa kuahidiwa tiba nyingine, hataona lolote baya wiki hiyo wala mwezi huo, na utulivu huo atauhesabu kuwa uponyaji. Tulishuhudia jambo la aina hiyo mwaka 2011 huko Samunge, Loliondo, ambako wapo waliokunywa kikombe cha dawa ya kienyeji kisha wakaacha ARV zao. Dawa ile ilikuwa ya mizizi, si homeopathi, lakini madhara ya kuacha ARV hayabadiliki kwa kubadilika kwa kikombe.

Mwaka 2009, watafiti vijana, wakiwemo waliofanya kazi Afrika, waliiandikia WHO wakiitaka itamke wazi msimamo wake. WHO ikatamka: haipendekezi homeopathi kwa VVU, kifua kikuu, malaria, mafua makali wala kuhara kwa watoto wachanga. Katika kuhara, kinachoua ni upungufu wa maji mwilini, na dawa yake ni maji ya ORS, madini ya zinki na kuendelea kunyonyesha. Kila saa inayopita bila hayo humkausha mtoto.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni dharau kwa dawa za miti. Sivyo. Kwinini ilitoka kwenye gome. Artemisinini, iliyo msingi wa dawa mseto za malaria za leo, ilitengwa na mwanasayansi wa China Tu Youyou na wenzake kutoka kwenye mmea mwaka 1972, na ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mti una kemikali ndani yake, na kemikali inaweza kupimwa ikajulikana kama inatibu, kama inadhuru, na kwa kiasi gani. Kidonge cha 30C hakina hata chembe ya mti.

Tofauti kubwa zaidi ni namna kila njia inavyoupokea ukweli. Kati ya mwaka 2005 na 2010, utafiti ulioitwa AQUAMAT uliwahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Nusu walipewa kwinini na nusu sindano za artesunate, dawa inayotokana na artemisinini, wakigawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki; kati ya waliopewa artesunate, asilimia 8.5. Mwaka 2011 WHO ikabadili mwongozo wake, na kwinini, iliyotumika kwa karibu karne mbili na kuokoa watu wasiohesabika, ikaondolewa kwenye nafasi ya kwanza. Tiba ya kweli hukubali kushindwa ili mtoto mmoja zaidi apone. Homeopathi imepewa nafasi hiyo mara nyingi, na kila inaposhindwa hubaki na madai yaleyale.

Kwa hiyo mtoto akipata homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, atobolewe kidole kwa kipimo cha haraka, na kikionyesha malaria apewe dawa mseto na aimalize dozi. Anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu asiache kwa maneno ya mtu yeyote bila kuzungumza na mtoa huduma wake. Na wanaotangaza homeopathi redioni, kwenye WhatsApp au kwenye mikutano kuwa ni tiba ya maradhi haya wadaiwe kitu kilekile kinachodaiwa kila dawa hospitalini: wagonjwa wangapi walipewa, wangapi walipewa kitu kingine, na wangapi katika kila kundi walipona. Asiye na majibu hayo hana haki ya kumgusa mgonjwa wa malaria.