Karani aliyeachiwa kiwanda: Bessie Williamson na sayansi ya moshi

Mwaka 1934, binti wa Glasgow aitwaye Bessie Williamson alivuka maji kwenda kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti. Alikuwa amepata kibarua cha kuchapa barua kwenye kiwanda cha wiski cha Laphroaig. Kazi yenyewe ilikuwa ya miezi michache tu. Shahada ya chuo kikuu alikuwa nayo, ila si ya kutengeneza pombe. Aliondoka kiwandani hapo mwaka 1972, akiwa amekwisha kukimiliki na kukiendesha kwa miaka mingi.

Sasa utauliza, mtu wa taipureta alijifunzaje wiski? Ili tuelewane, tuone kwanza wiski inatengenezwaje.

Kama umewahi kuona mbege ikiandaliwa Kilimanjaro, hatua ya kwanza unaijua: kimea. Kule ni ulezi, Islay ni shayiri. Nafaka inalowekwa hadi ianze kuchipua. Ikichipua, inatoa vimeng'enya vinavyoweza kuvunja wanga kuwa sukari. Hapo inabidi uikaushe haraka, la sivyo chipukizi litaitumia hiyo akiba yenyewe.

Hapa kwenye kukausha ndipo Islay ina mambo yake. Wanachoma piti, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana kwenye vinamasi kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Yanakatwa kama matofali, yanaanikwa, kisha yanawaka kama kuni. Moshi wake una fenoli, na fenoli zinagandamana na shayiri. Ndiyo maana Laphroaig inanukia moshi na dawa ya hospitali kwa wakati mmoja. Usicheke! Asidi ya kaboliki aliyoitumia daktari Joseph Lister kusafishia vidonda huko Glasgow mwaka 1865 ni fenoli hiyohiyo.

Kimea kinasagwa, kinachanganywa na maji ya moto ili wanga ugeuke sukari, kisha hamira inaigeuza sukari kuwa pombe nyepesi ya takriban asilimia 8. Baada ya hapo inakenekwa mara mbili kwenye mitungi mikubwa ya shaba. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke wa mwanzo unabeba pombe nyingi zaidi. Shaba nayo si pambo: inanasa misombo ya salfa yenye harufu mbaya.

Swali gumu ni hili: uanze kukinga saa ngapi, na uache saa ngapi? Matone ya mwanzo ni makali na hayafai. Ya mwisho yana maji mengi na harufu nzito. Lakini fenoli huchemka juu ya nyuzi 180, hivyo nyingi huja kwa kuchelewa. Ukikata mapema, umepoteza moshi. Ukichelewa, umeharibu pipa zima. Na kosa lako halitaonekana vizuri leo, kwa sababu kisheria wiski ya Uskoti lazima ikae kwenye pipa la mwaloni miaka isiyopungua 3, na nyingi hukaa 10 au zaidi.

Basi rudi kwa Bessie. Mwenye kiwanda, Ian Hunter, hakuwa na mtoto, na alikuwa msiri kwelikweli kuhusu kazi yake. Mwaka 1938 akapata kiharusi. Ghafla ujuzi wote wa kiwanda ulikuwa kwenye kichwa cha mtu mmoja mgonjwa. Aliyemwamini kumrithisha hakuwa mhandisi, alikuwa karani wake. Bessie akashika usimamizi, akavuka nao miaka ya vita, mwaka 1950 akawa mkurugenzi, na Hunter alipofariki mwaka 1954 akamwachia kiwanda.

Wakati ule wiski nyingi ya Islay ilikuwa kiungo tu: unachanganya kidogo na nyingine ili ipate moshi. Bessie aliamini inaweza kusimama peke yake, na kati ya 1961 na 1964 alizunguka Marekani kuinadi wiski ya Uskoti. Lakini kiwanda kilihitaji mtaji wa kukikarabati na kukipanua, na katika miaka ya 1960 aliuza hisa zake kwa awamu kwa kampuni kubwa, huku mwenyewe akibaki kazini. Ni bei nzito kwa mtu aliyekabidhiwa kiwanda kwa mkono, ila mitungi iliendelea kuchemka.

Sisi wa shahada za juu tunapenda kudhani sayansi inahifadhiwa kwenye makala na majedwali. Kuna sehemu yake inayokaa kwa mtu aliyekuwepo kila siku, akiangalia na kuuliza. Katika maabara yako, au karakana ya mjomba, au jiko la bibi, mtu huyo ni nani? Na je, kuna yeyote anayejifunza kwake?