HESABU YA MTOTO WA MPAKANI

Ndugu askari, aliyepita uwanja wa shabaha anajua kwamba mkufunzi hodari hahesabu tu risasi zilizokosa, hutazama zilipoangukia. Zilizojikusanya pamoja kando ya kitovu zaonyesha mkono imara na bunduki isiyorekebishwa. Zilizotawanyika zina habari nyingine. Je, madaftari ya hisabati ya watoto wetu husahihishwa kwa jicho hilo?

Tuutazame mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, Rwanda, uliopakana na Goma. Nyumbani mtoto huhesabu kwa Kinyarwanda; mpakani husikia Kiswahili na Kifaransa; darasani hukuta Kiingereza, kilichochaguliwa mwaka 2008 na ambacho uamuzi wa mwisho wa 2019 ulikipeleka hadi darasa la kwanza. Sabini ya nyumbani ni mirongo irindwi, ng'ambo ya kizuizi ni septante. Aliyeanza shule Goma hukuta hata mpango wa kugawanya umegeuka: kwa mtindo wa Kifaransa kigawanyo huandikwa kulia, kwa Kiingereza kushoto. Na 2,500, ambayo Mwingereza huisoma elfu mbili na mia tano, Mfaransa aweza kuisoma mbili na nusu!

Sasa mwalimu aulize: viazi kilo 72 vikigawanywa sawasawa katika mifuko 6, kila mfuko utakuwa na kilo ngapi? Mmoja ajibu 11, mwingine 78. Wote wawili hupata alama ya kosa. Lakini wa kwanza ameelewa swali, akateleza katika kugawanya. Wa pili amejumlisha, tena barabara. Kilichomshinda ni maneno. Kumkaririsha huyu jedwali la kuzidisha ni kumtibu jino anayeumwa sikio.

Mtaala wa Rwanda wa mwaka 2015, unaojengwa juu ya umahiri, wataka upimaji uendelee wakati wote wa masomo, usingojee mtihani wa taifa wa darasa la sita. Agizo ni jema, ila ni zito penye darasa lililojaa: kuweka alama ni kazi ya nukta moja, kufuatilia njia ya mtoto ni kazi ya jioni nzima.

Sisi wenye sare huhamishwa, na watoto hutufuata. Zikija alama mbaya kutoka shule mpya, tuombe daftari kabla ya kutafuta fimbo. Kisha swali lile lile liulizwe jikoni, kwa lugha ya nyumbani. Akijibu 12 papo hapo, mwalimu na aelezwe asubuhi yake.