Aliyeungua anataka maji, si dawa ya meno

Diwali ikikaribia, swali ni lile lile: "Daktari, nikiungua nipake dawa ya meno ipi?" Safari hii ameniuliza mama aliyealikwa na jirani zake wa Kisutu, Dar es Salaam.

Hakuna, mama. Hata moja.

Watu huniambia, "Lakini inapoza, nimeisikia mwenyewe." Ulichosikia ni mentholi, ule ubaridi wa mnanaa. Huamsha neva zinazotambua baridi, ubongo ukaamini ngozi imepoa, kumbe joto liko pale pale. Na moto ukishaondoka, joto lililoingia huendelea kuzama na kuunguza nyama ya chini. Dakika unazopoteza kutafuta tyubu, bomba lingekuwa linaokoa ngozi yako. Kisha dawa hukauka ikaganda kama chokaa. Nimewahi kubandua ganda hilo kwenye kiganja cha mtoto aliyeunguzwa na fataki ya waya, kidogokidogo, ili nione kina cha jeraha. Malengelenge yalipasuka, ngozi ikang'oka nalo. Maumivu yale hayakuletwa na fataki.

Yai bichi hupeleka vijidudu kwenye kidonda. Samli huzuia joto lisitoke. Barafu hubana mishipa ya damu na kuzidisha jeraha. Yote hayo yaacheni jikoni!

Fanya hivi: maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili; hata zikipita saa mbili, bado yanafaa. Vua pete na bangili kabla ya uvimbe. Nguo iliyogandana na ngozi usiivute. Funika kwa kitambaa safi. Akiungua mtoto, au ukiungua uso, mikono, sehemu za siri, au eneo linalozidi kiganja chako, nenda hospitali, na uulizie chanjo ya pepopunda.

Kabla ya kwenda: Diwali husherehekewa usiku usio na mwezi, na diya, vile vibakuli vya udongo vyenye utambi, hupangwa chini, kwenye ngazi na kandokando ya mapambo ya rangoli. Dera la nailoni linaloburuta liache nyumbani, vaa pamba. Viatu utavivua mlangoni, na waya wa fataki inayowaka hupita nyuzi joto 1,000. Ukizimika, bado unaunguza nyayo: utumbukize kwenye ndoo ya maji.

Na kabla hujawasha fataki ya kwanza, muulize mwenyeji wako bomba liko wapi.